Mkono wa Kushoto

Katika filamu fupi ya katuni niliyoichora mwaka 2019 kwa ajili ya wakulima wa korosho, kuna sekunde 20 ambapo mzee mmoja anatembea katikati ya mikorosho akiwa na mashine ya kupulizia salfa mgongoni. Amevaa kofia, suruali ameikunja hadi chini ya magoti, na mkono wake wa kulia umeshika bomba la mashine. Mkono wa kushoto unakwenda mbele na nyuma kwa raha, kama wa mtu anayewahi harusini. Mzee huyo ni baba yangu. Mkono huo wa kushoto si wake. Nilimchorea mimi.

Ili nieleweke, inabidi nieleze kwanza namna kazi hii inavyofanyika.

Wengi wetu tunaiita katuni, basi. Watu wa lugha wanaiita uhuishaji, na ni neno zuri, ila lina matatizo yake nyumbani kwetu. Siku niliyompigia mama simu nikamwambia nimeanza kujifunza uhuishaji, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Unahuisha taarifa za nani?" Kwa mtu wa Nachingwea, kuhuisha ni kwenda ofisini na kitambulisho ili jina lako lisipotee kwenye daftari la wakulima au la wapiga kura. Nilicheka, lakini baadaye niliona mama hakukosea sana. Shina la neno ni uhai. Unachukua kitu kilicholala, unakirudishia uhai, au unathibitisha kwamba bado kipo.

Mimi nilianza kuhuisha kabla sijalijua neno lenyewe. Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili, na kaunta yangu ya Jiografia ilikuwa ya kwaya mbili, nene, yenye pembe za kutosha. Kwenye kibanda umiza cha karibu na stendi, kabla filamu ya mapigano haijaanza, mwenye kibanda alikuwa akituwekea Tom na Jerry ili watu waendelee kuingia. Wenzangu walimwangalia paka. Mimi niliangalia miguu ya paka. Nikagundua kwamba nikichora kijitu kwenye pembe ya ukurasa, nikakichora tena ukurasa unaofuata akiwa ameinua mguu kidogo, na tena, kisha nikaachia kurasa zikimbie chini ya kidole gumba, kijitu kinatembea. Cha kwangu kilikuwa kinakimbia, kinafika kwenye shimo, kinaruka, kinatua. Kurasa 40 hivi.

Baba aliikuta ile kaunta mezani. Nilimwona akiifunua nikajua leo nimekwisha, maana ada ya shule yangu ilitoka kwenye korosho na kwenye kazi ya kuwapulizia watu mashamba yao kwa malipo, na kaunta ilikuwa inanunuliwa kwa hesabu. Alikaa kwenye kigoda, akakunja pembe kwa kidole gumba, akaachia. Mtu akaruka shimo. Akarudia. Alirudia mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kisha akaniita.

"Mama," aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake, "sasa huyu, akishavuka, anakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kurasa zilikuwa zimeishia pale. Jumamosi alirudi kutoka mjini na kaunta nyingine. Akaniambia ile ni ya Jiografia na hii ni ya watu wanaoruka, na nisizichanganye.

Hakuna aliyeniambia kwamba mchezo ule una historia yake na wenyewe. Joseph Plateau, mwanasayansi wa Ubelgiji, mwaka 1832 alitengeneza sahani ya duara yenye michoro pembezoni. Ukiizungusha mbele ya kioo na kuchungulia kwenye matundu yake, michoro inacheza. Kijitabu cha kuachia kurasa kwa kidole, kama kaunta yangu, kilipewa hataza Uingereza mwaka 1868 kwa jina la John Barnes Linnett. Jambo moja kuhusu Plateau huwa linanijia nikiwa nafanya kazi usiku: alipofika miaka ya 1840 alikuwa kipofu. Aliendelea na utafiti wake kwa macho ya watu wengine, akiwauliza wanaona nini.

Na kalamu ya risasi niliyochorea, ile ncha yake nyeusi, ni madini ya kinywe yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kinywe kiko ardhini Ruangwa, jirani zetu. Sikulijua hilo nilipokuwa nikiiba penseli za kaka yangu.

Dar es Salaam nilikwenda kutafuta maisha kama wengine. Nilitengeneza kadi za harusi, mabango ya saluni, fulana za kampeni. Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa TBC1, katuni iliyotengenezwa hukuhuku nyumbani, wahusika wanafundisha watoto hesabu kwa nyimbo na kwa Kiswahili. Niliiona kwenye televisheni ya duka la vifaa vya simu, nimesimama na mfuko wa nyanya. Sikuwahi kufanya kazi pale wala siwajui. Ila siku ile nilielewa kwamba kuna watu katika jiji hilihili wanaoamka asubuhi, wanapanda daladala, na kulipwa kwa kuchora miguu. Nikaanza kujifunza kwa bando la usiku.

Jambo la kwanza unalojifunza ni idadi. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Ukichora kila fremu peke yake, sekunde moja ya mtu anayekunywa chai ni michoro 24. Wachoraji wengi hukaa kwenye 12, kila mchoro unasimama fremu mbili, na jicho halilalamiki. Hata hivyo, dakika moja ni michoro 720. Ndiyo maana historia ya kazi hii, ukiitazama kwa karibu, ni historia ya watu wanaotafuta namna ya kutochora.

Njia mojawapo ni ya vipande. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikata watu kwa mkasi kutoka karatasi nyeusi, akawaunga kwenye viungo kwa waya mwembamba, mkono mbali, bega mbali, kiuno mbali, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake na kuwasogeza kidogo kidogo huku kamera ikipiga picha moja moja kutoka juu. Kwa mtindo huo alikamilisha filamu nzima ya Prince Achmed mwaka 1926, baada ya kazi ya takribani miaka mitatu. Kompyuta za leo zinafanya vilevile, tofauti ni kwamba mkasi haupo. Unamchora mtu mara moja, unamkata vipande, unamtia mifupa, kisha unamwambia mfupa huu uanzie hapa na ufike pale. Fremu za kati kompyuta inajaza yenyewe. Bila njia hii hakuna katuni ya kila wiki inayowezekana kwa bajeti za kwetu. Ubaya wake ni kwamba watu wote wanakuwa na mwendo mmoja. Mtu wa vipande hatembei, anatembezwa.

Njia nyingine ni ya kufuatisha. Max Fleischer wa New York alipata hataza yake mwaka 1917. Alimpiga picha za filamu mdogo wake, Dave, akiwa amevaa nguo za kichekesho, kisha akazitupia picha hizo kwenye kioo moja baada ya nyingine na kuchora juu yake. Mchoro unarithi uzito wa mtu halisi. Namna anavyoegemea mguu mmoja, namna bega linavyochelewa, vyote vinaingia bila wewe kuvibuni. Wapo wanaosema hiyo si sanaa, ni kunakili. Nami nilikuwa nasema hivyo.

Mwanzoni mwa 2019 shirika moja lilinitafuta. Walitaka filamu ya dakika nne ya kuwaonyesha wakulima wa Lindi namna ya kujikinga wakati wa kupulizia salfa. Ulikuwa ni mwaka uliofuata msimu ule wa Serikali kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi kuzibeba, na kila mtu alikuwa anaongea korosho. Niliwauliza kwa nini wasipige video ya kawaida, maana ingekuwa rahisi zaidi. Mama aliyekuwa akisimamia mradi alinipa sababu mbili ambazo mpaka leo ndizo ninazompa kila anayeniuliza katuni ina faida gani kwa watu wazima.

Ya kwanza, ubwiriunga ni ukungu, na kamera ya kawaida haiwezi kuingia kwenye ua la mkorosho kumwonyesha mkulima unga ule mweupe unavyoota na kulikausha ua kabla halijawa korosho. Wala haiwezi kufuata vumbi la salfa likiingia puani na kwenda kifuani. Penseli inaingia popote. Ya pili ilinigusa zaidi. Ukimpiga picha mkulima akikosea, hata kwa kuigiza, kijiji kizima kitasema yule ni mtoto wa fulani, na kuanzia hapo hawaangalii somo, wanamwangalia fulani. Mtu aliyechorwa hana ukoo. Kila mmoja anaweza kujiona yeye bila kuaibika.

Kwa hiyo nilichora watu wasio na ukoo, wa vipande, wenye mifupa ya kompyuta, kwa dakika tatu na sekunde 40. Sekunde 20 za mwisho nilitaka ziwe tofauti. Nilitaka mtu anayejua ile kazi aonekane akiifanya inavyotakiwa: anatoka alfajiri upepo ukiwa umetulia na majani yana umande ili salfa ishike, amefunika pua na mdomo, anapita mstari kwa mstari bila haraka. Mtu huyo nilimjua. Sekunde 20 kwa michoro 12 ni michoro 240. Niliona nitaziweza.

Baba alizaliwa mwaka 1951, mwaka uleule Waingereza walipoachana na mpango wao wa karanga, mpango ambao ndio ulioijenga Nachingwea kama mji. Reli waliyoileta kutoka Mtwara iling'olewa akiwa bado mtoto. Alipokuwa kijana, wapiganaji wa Frelimo walikuwa na kambi yao ya mafunzo Nachingwea, na wavulana wa huku waliwaona wakipita wakiimba. Wenzake waliiga nyimbo, yeye aliiga mwendo. Kifua mbele, mikono ikitupwa kama pendulamu. Alikuwa nao mpaka anatuzaa. Tukiwa watoto, ukimwona mtu kwa mbali kwenye barabara ya Naipanga na huoni uso, unaangalia mikono, unakimbia kumpokea mzigo.

Nilifika nyumbani mwezi Mei. Shikamoo baba, marahaba mama, chai, habari za Dar. Nilimweleza ninachotaka. Hakuuliza malipo, aliuliza kama avae kofia. Tulikwenda shambani asubuhi na mashine ya kuazima kwa jirani, tupu, haina mafuta wala salfa, na kifuniko cha tangi hakikuwepo, kilishapotea. Nilisimamisha simu kwenye kigingi na kumwambia atembee kutoka mkorosho ule hadi huu. Alitembea. Nikamwambia arudie. Alirudia mara tano, na mara ya tano nilisikia anahema, nikasema inatosha. Aliketi kwenye mizizi akaniuliza kama mtu wa kwenye katuni atakuwa na ndevu.

Dar, usiku, nilianza kufuatisha. Kazi hii inamtazamisha mtu baba yake kwa namna ambayo hakuna mtoto anayewahi kumtazama. Kila hatua moja ya baba ilikuwa picha saba au nane. Nilimjua kisigino. Nilijua goti la kulia linachelewa kunyooka, nikalichora lichelewe. Kwenye mchoro wa 30 hivi nilicheza nilichokuwa nacho, nikaona kitu kibaya: mkono wa kushoto haukwendi popote. Wa kulia umeshika bomba, sawa, una sababu. Wa kushoto hauna mzigo, lakini umening'inia ubavuni, umekunjika kidogo kwenye kiwiko, kama shati lililoanikwa siku isiyo na upepo.

Nilidhani nimeusahau. Nikarudi kwenye video. Nilikuwa nimeufuatisha sawasawa.

Ningeweza kusimama hapo. Nilikuwa na video, nilikuwa na fremu moja moja, nilikuwa na muda. Lakini siku hiyohiyo nilikuwa nimepokea maoni ya afisa ugani aliyeipitia kazi, akisema mashine haina kifuniko na wakulima watacheka. Nikaongeza kifuniko kwenye michoro yote. Na nikiwa katika kusahihisha kifuniko, nikasahihisha na mkono. Kanuni ya kwanza ya kuchora mwendo ni kwamba mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto unaufuata. Nilimpa baba mkono wa kanuni. Hapana, nisijitetee: nilimpa mkono ninaoujua, ule wa barabara ya Naipanga. Nilifuta kilichokuwepo nikachora kumbukumbu yangu, na ilinichukua jioni mbili tu.

Filamu ilionyeshwa Julai katika vijiji kadhaa. Siku ya Ruangwa niliomba baba aje, maana dada yangu ameolewa kule na angepata pa kulala. Shuka jeupe lilifungwa kwenye ukuta wa ghala, jenereta ikawekwa mbali ili isitushinde kelele, watoto walikaa mbele kwenye vumbi. Walicheka ukungu ulipochorwa na meno. Walinyamaza vumbi lilipoingia kifuani. Mwishoni, mzee alipotokea kati ya mikorosho, baba alikaa wima. Niliona amejitambua.

Filamu ilipokwisha, mzee mmoja, mtani wake wa siku nyingi, alisimama na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Jamani, huyu mwenzetu kwenye katuni ana mikono miwili. Hapa kaja na mmoja, mwingine kauacha wapi?"

Watu walicheka sana. Baba alicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Kesho yake, nyumbani kwa dada, watoto walitaka niwafundishe. Karatasi hazikuwepo, kwa hiyo tulitumia korosho. Unaziweka juu ya mkeka, unapiga picha kwa simu, unazisogeza upana wa kidole, unapiga tena. Hiyo nayo ni njia ya siku nyingi, inayochezesha vitu badala ya michoro, na ndiyo njia bora ya kumwanzishia mtoto, kwa sababu haihitaji kujua kuchora. Ina sharti moja: mkono utoke kabla picha haijapigwa. Korosho zilipanga mstari, zikapanda kwenye sahani, moja ikakataa ikakimbia. Babu yao aliomba naye asogeze. Tulipocheza ile filamu, katika picha tatu mkono wake ulikuwa bado upo, juu ya korosho, haujaondoka. "Babu unachelewa!" walimpigia kelele. Tukazifuta zile picha tatu.

Mwaka uliofuata hakupulizia shamba lake. Alisema mashine ni nzito. Kaka yangu alisema mzee siku hizi hataki kazi, na wakagombana mpaka wakaacha kusalimiana kwa wiki kadhaa. Ubwiriunga ulikula maua, mavuno yakawa ya aibu. Nilimtumia baba ujumbe wa sauti kutoka Dar. Bado ninao. Ninamwambia, kwa sauti ya mtu anayejiona ana hekima, kwamba mikorosho haijipulizii yenyewe. Kwenye msiba wa jirani alimwaga chai, na mtu akanong'ona kwamba mzee ameanza kunywa. Baba hajawahi kunywa.

Mwaka 2021 mkono wa kushoto ulianza kutetemeka akiwa ameketi tu, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Waliosema ni uzee walikuwepo, na waliosema ametumiwa kitu walikuwepo. Tulizunguka. Hatimaye katika hospitali moja daktari kijana alimwambia afungue na kufumba kiganja, agonge meza kwa vidole, atembee hadi mlangoni na kurudi. Alimwangalia anavyotembea kuliko alivyoangalia kitu kingine chochote. Alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali ya kuuwezesha mwili kuanzisha mwendo, na chembe hizo zinakufa. Jina ni la daktari Mwingereza aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1817.

"Ulianza lini?" aliuliza.

Mama alisema tangu Ramadhani iliyopita. Kaka hakusema kitu. Mimi nikaomba dakika moja nikafungua kompyuta. Video ilikuwa pale, na tarehe yake, Mei 2019. Daktari aliitazama mara tatu. Mara ya tatu aliweka kidole kwenye kioo, pale ubavuni. "Huu mkono ulikuwa umeshaanza," alisema. Akatueleza kwamba mara nyingi dalili hutokea upande mmoja kwanza, na mkono kuacha kucheza wakati wa kutembea huweza kuja kabla ya kutetemeka. Akanisifu kwa kutunza kumbukumbu. Sikumwonyesha ile katuni.

Nilimuuliza kuhusu salfa. Nilitaka sana aseme ndiyo, ili kuwe na kitu cha kukasirikia ambacho si mimi. Alisema hawezi kusema hivyo. Wapo wengi wanaoupata ambao hawajawahi kuiona salfa. Nilimuuliza pia kama miaka miwili ile ingebadilisha chochote. Alinijibu kwa uangalifu. Dawa, ambayo ni levodopa, inasaidia mwili kwenda, haiuzuii ugonjwa kuendelea. Kwa hiyo ugonjwa usingebadilika. Aliishia hapo. Yale mengine, ya ujumbe wangu wa sauti, ya kaka na ya chai ya msibani, hayakuwa ya kumuuliza daktari.

Mwaka jana nimezichora upya zile sekunde 20. Hakuna aliyeniagiza wala atakayelipa. Nimefuatisha video kama ilivyo, michoro 240, mkono umening'inia, kiwiko kimekunjika. Ilinichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mkono wangu wenyewe ulikuwa unataka kuutupa ule mkono mbele, na kila mara ilibidi niuzuie. Kuchora kitu kisichosogea ni kugumu. Kinaonekana kama umekata tamaa.

Nilizichapa kwenye steshenari ya Nachingwea, karatasi ndogondogo za ukubwa wa kiganja, kijana wa dukani akinitazama kama mtu anayechapa hati za kughushi. Nilizitoboa nikazifunga kwa kamba ya kiatu, mafungu manne, kwa kuwa fungu moja lingekuwa nene. Nilimkuta baba chini ya mwembe saa nne asubuhi, saa ambayo dawa huwa imeshamkolea. Alishika fungu la kwanza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa juu ya goti unahesabu noti zake.

Aliachia kurasa. Kidole hakikwenda sawa, kurasa zilipita mbili mbili, tatu tatu, kisha zikasimama, kisha zikapita nyingine. Mzee kwenye karatasi alitembea, akakwama, akatembea.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ndiyo, baba."

Akarudia. Mama alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama nyuma yake kutazama, akarudi ndani bila kusema neno. Nilikuwa nasubiri afike kwenye mkono. Nilikuwa nimejiandaa nitasema nini, nimejiandaa tangu Dar, nimejiandaa kwenye basi.

Mara ya tatu alizuia kurasa kwa kidole gumba, akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Mama," alisema, "mashine haina kifuniko. Akiinama tu, salfa yote inammwagikia kisogoni."

Nilitazama. Ni kweli. Mara hii nilifuatisha kila kitu.

"Kifuniko kilikuwa kimepotea, baba. Ile mashine ya jirani."

"Mwekee," alisema, akanirudishia fungu, akanyoosha mkono kudai la pili.

Kwa hiyo nimerudi mezani. Kifuniko chenyewe ni duara dogo tu, mstari mmoja na kivuli. Leo nimefika mchoro wa 86.